BOTI YA FENI NA KIDOLE CHA MDOGO WANGU



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, nilipoombwa na wahariri wa jarida letu niandike "chochote chenye faida", nilifikiri niandike juu ya umuhimu wa elimu. Kisha nikaona mada hiyo wenzangu wameiandika kila mwaka, na wameiandika vizuri kuliko mimi. Nikaona bora nieleze jambo nililolitenda mwenyewe, lenye faida ndani yake na lenye aibu pia. Nalo ni habari ya boti ya feni niliyoiunda mwaka 2017, nilipokuwa mwanafunzi wa madrasa hii hapa Tanga.

BOTI YA FENI NI NINI?

Wengi wetu tumezoea boti yenye mashine nyuma na panga lake chini ya maji. Boti ya feni haina kitu chochote chini ya maji. Tumbo lake ni bapa kama sinia. Feni kubwa imesimamishwa juu, upande wa tezi, na ule upepo inaoutupa nyuma ndio unaoisukuma boti mbele. Usukani wake nao hauko majini, uko nyuma ya feni, na unageuza upepo badala ya kugeuza maji.

Vyombo vya namna hii vinatumika sana katika mabwawa yenye majani huko Florida, Marekani, mahali ambapo panga la kawaida lingezongwa na majani likasimama. Historia yake ni ndefu. Mwaka 1905, huko Nova Scotia nchini Kanada, timu ya Alexander Graham Bell, yule wa simu, ilijaribu chombo cha majini kinachosukumwa na feni. Na kabla ya hapo, mwaka 1898, Nikola Tesla aliwaonyesha watu mjini New York boti ndogo aliyoiongoza kwa mawimbi ya redio bila ya waya wowote. Watu walistaajabu, kwani redio yenyewe ilikuwa ngeni bado.

Wala tusidhani ufundi wa namna hii haukuwahi kuwa kwetu Waislamu. Al-Jazari, fundi aliyewatumikia watawala wa Diyarbakir, ambayo leo iko Uturuki, alimaliza mwaka 1206 kitabu cha mashine zake, kila moja na michoro yake na maelezo ya kuiunda. Mojawapo ilikuwa chombo cha kuelea kwenye bwawa, chenye sanamu zilizotikisika zenyewe kwa nguvu ya maji. Maalim wetu alitusimulia habari hiyo siku moja baada ya darasa la Alasiri, na mimi usiku ule sikulala vizuri kwa kuiwaza.

KWA NINI NILIIUNDA

Madrasa yetu huwa na siku yake kila Mfungo Sita. Wanafunzi husoma Qur'ani, hughani kasida, na wakubwa huonyesha kazi za mikono. Mwaka ule nilitaka kuonyesha kitu ambacho hakuna aliyewahi kukileta.

Nyumbani kwetu si mbali na Raskazone. Maji yakipwa, sehemu kubwa ya ufuko hubaki maji ya magoti yenye majani tele. Nilikwisha kujaribu kuelea boti ndogo ya panga la chini, nayo ilizongwa na majani kabla haijaenda hatua kumi. Boti ya feni ndiyo dawa ya mahali kama pale.

Baba Mdogo ni fundi wa redio na televisheni. Yeye ndiye aliyeniletea vifaa kutoka Kariakoo alipokwenda Dar es Salaam baada ya Idi: mota moja isiyo na brashi, ya aina ya 1000 KV, kifaa cha kupunguza na kuongeza mwendo wake, sevo ya gramu 9 ya kuvuta usukani, betri ya lithiamu ya seli 3 yenye volti 11.1, panga la plastiki la inchi 8, na rimoti ya mawimbi ya gigahezi 2.4 pamoja na kipokezi chake. Nilimlipa kidogo kidogo kwa kumsaidia dukani kila Jumamosi. Aliponikabidhi aliniambia, "Panga hili ni dogo, lakini lina meno. Liwekee kizimba kabla hujaliwasha." Nikasema, "Inshaallah." Neno zito kama lile nililisema kwa wepesi.

KUIUNDA

Tumbo la boti nililikata kutoka kwenye lile povu jeupe gumu ambalo televisheni hufungiwa ndani yake. Urefu sentimita 60, upana sentimita 25, unene sentimita 5. Upande wa omo nililisugua kwa msasa likapinda juu kama ndala iliyochakaa, ili lipande juu ya maji badala ya kuyachimba. Chini nililizungushia selotepu pana ili liteleze na lisinywe maji.

Hapa hesabu za shuleni zilinisaidia. Boti nzima pamoja na betri ilikuwa na uzito wa gramu 900. Chombo kikielea husogeza maji yenye uzito sawa na uzito wake, na gramu 900 za maji ni sentimita za ujazo 900. Eneo la tumbo ni 60 mara 25, yaani sentimita za mraba 1500. Gawa 900 kwa 1500, unapata 0.6. Maana yake boti ile ingezama milimita 6 tu! Nilipoiweka kwenye karai kubwa la Mama la kufulia, nikapima kwa rula, ikawa hivyo hivyo kwa kukaribia sana. Nilifurahi kupita kiasi.

Nguzo ya mota niliiunda kwa mbao nyembamba za plaiwudi. Panga la inchi 8 ni kama sentimita 20, kwa hiyo mota ilibidi ikae juu zaidi ya sentimita 10 kutoka sitaha. Mimi niliiweka 13. Kipokezi nilikivisha puto la sherehe na kulifunga mdomo kwa uzi, maji ya chumvi yasikifikie. Antena nikaisimamisha juu ya kijiti, kwa sababu mawimbi ya gigahezi 2.4 hayapiti majini.

Kizimba cha panga sikukiunda. Nilisema nitakiunda mwisho.

KUIREKEBISHA

Wanafunzi wenzangu, kuunda kulinichukua wiki mbili. Kuirekebisha hadi iende sawasawa kulinichukua karibu miezi miwili. Nitaeleza kwa ufupi, huenda mmoja wenu akajaribu.

Kwanza, boti ilizamisha omo. Kila nilipoongeza gesi, pua iliingia majini kama bata anayetafuta chakula. Sababu ni kwamba feni iko juu, nayo inasukuma mbele, na tumbo linazuiwa na maji huku chini. Ni sawa na kumsukuma mtu mgongoni karibu na shingo: ataangukia mbele. Nilifanya mambo mawili. Betri niliirudisha nyuma sentimita 4. Kisha mota niliiinamisha kidogo sana, ili feni itupe upepo nyuma na juu. Upepo ukitupwa juu, tezi inasukumwa chini, na omo inapanda.

Pili, boti ililala upande wa kushoto. Panga linapozunguka kwenda upande mmoja, chombo chenyewe hutaka kuzunguka upande wa pili. Hili nilitibu kwa kuisogeza betri upande wa kulia, kama sentimita moja na nusu. Ikisimama inaegemea kulia kidogo, ikienda inanyooka.

Tatu, usukani haukushika. Niliuweka mmoja tu, katikati, nyuma kabisa ya kitovu cha mota. Lakini upepo wa feni katikati ni dhaifu, nguvu iko pembeni. Nikaweka sahani mbili, moja kila upande, zikivutwa na sevo ile ile moja. Hapo boti ikageuka kama ndege. Ila jueni kwamba boti ya feni haina breki wala haina kurudi nyuma. Ukikata gesi, usukani nao unakufa, kwa sababu hakuna upepo wa kuugeuza. Anayetaka kukata kona lazima aache gesi kidogo. Mara ngapi niliikata kwa woga, nayo ikaendelea moja kwa moja hadi kwenye mikoko!

Nne ni betri. Mota ikivuta ampea 10, betri ya ampea-saa 2.2 ingekwisha kwa dakika 13 kwa hesabu. Lakini betri ya lithiamu haitakiwi kukamuliwa hadi mwisho, inaharibika. Kwa hiyo nilijiwekea dakika 8, kisha boti inarudi pwani.

Katika kazi yote hiyo mshika mkono wangu alikuwa mdogo wangu. Wakati ule alikuwa na miaka 9, anahifadhi Juzuu Amma, na mwandiko wake wa Kiarabu ulikuwa mzuri kuliko wangu. Maalim alikwisha kumchagua aandike ubao wa mbele siku ya madrasa. Kila jioni baada ya Alasiri tulishuka pwani pamoja. Mimi nilishika rimoti, yeye aliingia majini kuipokea boti. Hakuna siku aliyosema amechoka.

SIKU YA AJALI

Ilikuwa mwezi wa Oktoba, zimebaki kama wiki sita. Siku ile boti ilikwenda vizuri kuliko siku zote. Ilipita juu ya majani bila kugusa, ikazunguka, ikarudi. Niliileta polepole hadi kwa mdogo wangu, nikakata gesi, panga likasimama. Yeye akainama, akaishika kwa mikono miwili upande wa tezi.

Nami, ili kuokoa betri za rimoti, nikazima rimoti.

Ndugu msomaji, hapa lazima nieleze kosa lenyewe. Kwenye kipokezi changu kulikuwa na kitufe kidogo. Ukikibonyeza, kipokezi kinakariri mahali vilipo vijiti vya rimoti wakati ule, na mawasiliano yakikatika, kinarudi hapo. Ni kinga nzuri sana: ukikibonyeza huku gesi iko chini kabisa, boti ikipoteza mawasiliano itasimama yenyewe. Mimi nilikibonyeza siku niliyokuwa nimechomoa nyaya za mota, nikijaribu usukani peke yake, na kijiti cha gesi kilikuwa katikati. Sikuangalia. Wala sikuwahi hata siku moja kuzima rimoti makusudi, boti ikiwa imefungwa vizuri, ili nione itafanya nini.

Kwa hiyo nilipozima rimoti, kipokezi kikatii kile nilichokifundisha. Panga likawaka kwa nusu ya nguvu yake, mikononi mwa mtoto.

Sitaeleza zaidi. Alikatwa vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati. Damu ilikuwa nyingi. Nikavifunga kwa kofia yangu, tukapanda juu. Njiani, yeye analia na mimi natetemeka, nikamwambia neno ambalo najuta mpaka leo: "Mama akiuliza, sema umekatwa na chaza kwenye mwamba."

Akanitazama. Akasema, "Sawa, kaka."

UWONGO WA SIKU TATU

Mama aliuliza, naye akasema chaza. Zahanati waliuliza, nami nikajibu kwa niaba yake: chaza. Walimwosha, wakamshona, wakampa dawa kwa jeraha la chaza. Wao walitibu kile walichoambiwa. Kosa halikuwa lao.

Boti niliificha uvunguni. Nilipoitazama usiku, nikaona ncha ya panga moja imevunjika, pamekosekana kipande kidogo. Nilijua kipande kile kingeweza kuwa wapi. Nililala.

Siku ya pili kidole kilivimba. Siku ya tatu mtoto akashikwa na homa, mkono umekuwa mwekundu hadi kiganjani. Baada ya Isha nilikwenda kumtazama. Mama alikuwa amekaa kitandani anamkanda kwa kitambaa. Akamuuliza, "Mwanangu, ni mwamba gani huo?" Naye, na homa ile, akajibu, "Ule wa chini, Mama. Chaza." Alikuwa ananilinda mimi. Mtoto wa miaka 9 alikuwa amebeba uwongo wangu, na mimi mkubwa nimesimama mlangoni na mikono mitupu.

Nilikwenda barazani kwa Baba. Nilisema yote, tangu kizimba ambacho sikukiunda mpaka kipande cha panga kilichokosekana. Nilitarajia kupigwa. Baba hakunigusa. Aliinuka, akavaa viatu, akasema, "Lete hilo panga." Tukaita bajaji, tukaenda hospitali usiku ule ule, mimi nimelishika lile panga mkononi ili daktari alione.

Daktari alipolitazama, alifungua jeraha upya. Alitoa kipande cha plastiki nyeusi, kama punje ya mchele. Akasema ni vizuri tumesema, kwa sababu asingekitafuta kitu ambacho hakujua kwamba kipo.

Tukiwa njiani kurudi Baba alisema neno moja tu: "Mkono umekatwa na mashine. Homa umeileta wewe." Alhamdulillahi, homa ilishuka siku ya pili yake.

BAADA YA HAPO

Nilikwenda kwa Maalim kumwambia kwamba sitaonyesha kitu siku ya madrasa. Nilimweleza sababu. Maalim alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Utaileta. Lakini utaileta ikiwa salama, na utawaeleza watu kwa nini umeiweka hicho kizimba." Nilimwomba anipunguzie hilo la kueleza. Hakunipunguzia.

Basi nikaanza upya. Kizimba nilikiunda kwa waya mnene wa chuma, duara mbele na nyuma, nikafunga nyavu ndogo hata kidole cha mtoto mchanga kisipite. Kipokezi nilikibonyeza upya, kijiti cha gesi kikiwa chini kabisa. Kisha nikaifunga boti kwa kamba kwenye mti, nikaiwasha, nikazima rimoti makusudi. Panga likasimama. Nikarudia mara kumi. Lilisimama mara kumi.

Na nikaandika kanuni, nikazibandika kwenye kisanduku cha rimoti. Nazitoa hapa kama zilivyo:

1. Rimoti huwashwa kwanza na huzimwa mwisho. Betri ya boti huchomolewa kabla rimoti haijazimwa.
2. Hakuna kuwasha bila kizimba.
3. Hakuna mkono nyuma ya sitaha mpaka betri ichomolewe.
4. Kila siku, kabla ya kuelea, boti hufungwa na rimoti huzimwa, ili kinga ijaribiwe.
5. Likitokea la kutokea, husemwa lilivyotokea.

Siku ya madrasa tulijaza maji katika birika lililo uani. Boti ilizunguka, watoto wakapiga takbira, wazee wakacheka. Kisha nikasimama mbele ya watu wote, wazazi wangu wakiwemo, nikaeleza habari ya kizimba. Sauti ilinikauka katikati. Mdogo wangu alikuwa amekaa safu ya mbele, mkono umefungwa bandeji. Ubao wa mbele mwaka ule aliuandika mwanafunzi mwingine.

Nilipomaliza, Maalim alimwita mdogo wangu, akamuuliza kama anataka kuiongoza boti. Akaitazama rimoti, akanitazama mimi. Kisha akaishika kwa mkono wa kushoto.

FAIDA

Wanafunzi wenzangu, mimi leo ni fundi umeme, na nimekwisha kuwasha mashine kubwa kuliko ile mara nyingi. Bado natumia kanuni zile tano. Tumefundishwa humu madrasa kwamba kazi ifanywe kwa ukamilifu, na mimi nilidhani ukamilifu ni kile kinachoonekana: omo iliyonyooka, usukani ulioshika, chombo kinachokwenda kasi. Kumbe ukamilifu uko zaidi katika kile ambacho hakuna atakayekiona mpaka siku mambo yakienda kombo. Kizimba hakiongezi mwendo. Kinga ya kipokezi haionekani kabisa. Ndiyo maana niliviacha mwisho, na vya mwisho mara nyingi havifiki.

La pili, mkubwa asimtwike mdogo uwongo wake. Watoto wanatupenda, na watabeba chochote tutakachowapa. Hiyo ni amana, nasi tutaulizwa.

Mdogo wangu leo ni kijana anayeanza kuota ndevu. Alirudi kuandika, na mwandiko wake bado ni mzuri kuliko wangu. Lakini kidole cha kati cha mkono wa kulia hakikunji hadi mwisho. Akininyoshea kikombe cha chai, nakiona. Hajawahi kunitajia habari ile hata siku moja, hata tulipogombana. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika makala haya. Akasema, "Andika, kaka. Ila usisahau ile kanuni ya tano."

Sikuisahau.

Tunamuomba Allah (S.W.) atupe elimu yenye manufaa, atujaalie ukweli katika ndimi zetu na uangalifu katika kazi za mikono yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.
Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mwanafunzi wa zamani, Tanga